Tumekuja Tu Kumjulia Hali

Mtaani walimwita Fundi, na wala hakukuwa na haja ya kuuliza fundi wa nini. Alishona mapazia. Magauni hakushona, sare za shule hakushona, na suruali za kupunguza kiuno alizirudisha zilikotoka. Nguo, alisema, ina mwenyewe, na mwenyewe hunenepa, hukonda, hubadili mawazo, kisha anakuja amefura kudai fundi ndiye kaharibu. Dirisha halina hayo. Ukilipima leo, kesho utalikuta palepale na upana uleule.

Bahati mbaya hakuolewa na dirisha. Aliolewa na fundi bomba mmoja mpole, mtu wa kucheka chini chini, ambaye mpaka anaoa alikuwa bado anaishi kwa mama yake. Wakapewa vyumba viwili vya uani. Mama mwenyewe alikaa vyumba vya mbele, na mtaa mzima ulimwita Mwenyekiti ingawa hakuna aliyewahi kumpigia kura. Wapangaji wakigombana, walipelekwa kwake. Mtoto akikataa kunyonya, aliletwa kwake. Alizaa sita, akalea sita, hakuzika hata mmoja, na hilo alilitaja kama wengine wanavyotaja shahada zao.

Fundi alimheshimu mkwewe. Siku za kawaida alimpenda kabisa. Lakini Mwenyekiti alikuwa na maelekezo kwa kila kitu, kuanzia namna ya kufua shuka mpaka namna ya kupiga chafya, na maelekezo yakizidi Fundi alikuwa na dawa yake: alijaza pini mdomoni. Mtu mwenye pini mdomoni hawezi kujibu, na hakuna anayemtegemea ajibu. Kuna siku alikaa na pini hizo mpaka taya zikamwuma, na pazia lenyewe lilikuwa limekwisha zamani.

Jambo moja tu hakulinyamazia, nalo ni mtoto wake.

Mtoto alikuwa huyo huyo mmoja, wa kiume, miaka mitano, akiitwa Babu kwa sababu alirithi jina la babu yake. Mwenyekiti akamwita "mume wangu", na kwa utani huo Fundi akawa mke mwenza. "Mke mwenza, mume wetu amekula?" Mwaka mmoja nyuma Babu aliamka amevimba macho, ikafuata miguu, likafuata tumbo, na hospitali wakasema ni figo. Akapewa vidonge vidogo vichungu ambavyo vilizituliza figo lakini, kwa maelezo ya daktari, vililaza pia kinga yake ya mwili.

"Magonjwa ambayo wenzake wanayapita huku wakicheza, yeye yanaweza kumlaza," daktari alisema. "Na la kwanza kuliogopa ni tetekuwanga. Mkae nayo mbali."

"Si achanjwe?" Fundi aliuliza.

"Chanjo ilifaa kabla. Sasa tusubiri amalize vidonge."

Fundi alirudi nyumbani akayaeleza yote, neno kwa neno, mbele ya mumewe na mkwewe. Mumewe akasema sawa. Mwenyekiti akasikiliza mpaka mwisho, akatingisha kichwa, akasema, "Madaktari nao," kisha akauliza kama kuna chumvi.

Sasa lazima ujue mambo ya mtaa ule, la sivyo utadhani Mwenyekiti alikuwa mtu mbaya, na hakuwa. Pale tetekuwanga haikukimbiwa. Ilihesabiwa kama shughuli, na shughuli humalizwa mapema. Mtoto aipate akiwa mdogo, ajikune wiki mbili, amalizane nayo maisha. Mtu mzima ikimkuta ni balaa, na Mwenyekiti alikuwa na ushahidi wake: kaka yake aliyemfuata kuzaliwa alitoka vipele akiwa mwanamume wa kuoa, posa imeshapokelewa, na wakamzika kabla ya harusi. Tangu hapo hakuna mtoto wa ukoo ule aliyeachwa. Wote walipelekwa.

Na kupelekwa kulikuwa na adabu zake. Mwenye mgonjwa hatangazi. Humkalisha mtoto kizingitini asubuhi, amepakwa ile dawa ya rangi ya waridi inayokauka kama chokaa, na anayepita anaelewa. Mgeni hafiki mikono mitupu; sabuni kipande au sukari kidogo inatosha. Mgeni pia hasemi kilichomleta. Anasema, "Tumekuja tu kumjulia hali mgonjwa," naye mwenyeji anajibu, "Afadhali mmekuja," kisha watoto wanaachwa kwenye mkeka mmoja na kikombe kimoja, na mama mwenye haraka ya kuondoka kabla kikombe hakijazunguka anaonekana hana malezi. Isiposhika, hulalamiki. Unarudi tena, na tena, kama mtu anayefuatilia kitambulisho. Na ikishika, hapo ndipo adabu kubwa kuliko zote: hakuna kuuliza wala kutaja imetoka nyumba gani. Mtoto ametoka vipele, basi. Kuitaja nyumba ni kuishtaki, na aliyekufanyia wema hashtakiwi.

Fundi aliyajua hayo yote. Yeye mwenyewe alipelekwa hivyo hivyo utotoni, na alikumbuka ladha ya juisi iliyopita midomo sita kabla ya kumfikia. Hakuwa na ugomvi na mtaa. Alikuwa na ugomvi na kitu kimoja tu, kwamba mtoto wake ana hali yake, na amesema, na kusema kwake hakuhesabiwi.

Likizo ya shule ilipoanza, mtoto wa wifi yake, ambaye Babu alimwita dada, akatoka vipele. Wifi huyo, binti wa mwisho wa Mwenyekiti, alikaa barabara ya pili tu. Mwenyekiti akaleta habari wakati wa chai ya asubuhi, huku akipuliza kikombe chake.

"Kwa wifi yako kuna mgonjwa."

"Nimesikia, mama. Apone haraka."

"Wenzio wote wameshakwenda kumjulia hali."

"Mimi nitakwenda peke yangu. Babu haendi."

Mwenyekiti akaweka kikombe chini. "Mkwe wangu, mtoto si pazia. Hafungiwi dirishani."

"Mama, anameza vile vidonge. Daktari amesema..."

"Daktari amezaa wangapi?"

Mumewe alikuwa pale. Jamani, mtu yule alikuwa na kipaji cha kugundua bomba linalovuja ndani ya ukuta, akaweka kidole na kusema pachimbwe hapa, na akichimba ni hapo. Lakini mama yake na mkewe wakianza, ghafla alikumbuka spana aliyoisahau mahali. Siku ile pia alikumbuka spana.

Wifi naye akanuna. Akapeleka maneno kwamba kumbe mwanawe ni uchafu, kumbe kuna watu na watu. Fundi akayameza. Wiki ileile alikuwa na kazi kubwa, mapazia ya nyumba ya wageni iliyokuwa ikifunguliwa, madirisha ghorofa mbili, na mwenye nyumba alipita kila siku kuuliza. Kibanda chake cha kushonea kilikuwa na vumbi la pamba ambalo lilimkohoza Babu, kwa hiyo siku nyingi mtoto alibaki kwa bibi yake. Kabla ya kuondoka Fundi alisema jambo lilelile kila asubuhi: asiende kwa shangazi. Na kila asubuhi Mwenyekiti alijibu, "Nenda kazini, mke mwenza. Mume wetu yuko salama."

Ilikuwa jioni, jua bado liko juu, alipomvua mtoto fulana ili amwogeshe uani. Ndani ya ukosi kulikuwa na alama ya rangi ya waridi, imekauka kama chokaa. Akaikwangua kwa ukucha. 

"Babu, hii nini?"

"Dawa."

"Dawa ya nani?"

"Ya dada."

"Ulikuwa na dada lini?"

"Jana."

"Jana ulikuwa na mimi kibandani, ukanipotezea mkasi."

"Jana ile ingine."

Kwa Babu kila kilichopita kilikuwa jana. Alizaliwa jana, alilazwa hospitali jana, sikukuu ilikuwa jana. Fundi akachuchumaa ili macho yao yalingane, akajitahidi sauti yake isipande.

"Mlifanya nini na dada?"

"Tulicheza kitandani. Tukanywa juisi. Bibi kasema nisiseme, ni ya mimi na yeye."

Asubuhi yake hakufungua kibanda. Alimbeba mtoto mpaka kliniki ya figo, akangoja zamu, akamweleza muuguzi. Muuguzi alikuwa kijana lakini si mtu wa kubabaishwa. Akasema iko sindano ya kinga ya watoto kama Babu. Ni chache, huletwa kutoka hospitali kuu kwa jina la mtoto, na inafaa ikitolewa ndani ya siku chache tangu akutane na mgonjwa. Siku hizo zikipita, ni kumsubiria ugonjwa tu.

"Alikutana naye lini?"

"Sijui."

"Walikaa chumba kimoja? Muda gani?"

"Mtoto anasema kitandani. Anasema jana, lakini si jana."

Muuguzi akamtazama Babu, aliyekuwa akichungulia ndani ya ndoo ya taka. "Mama, siwezi kuiagiza kwa jana ya mtoto. Aliyekuwa naye anajua?"

"Anajua."

"Basi aje aseme, au akwambie siku uniletee. Leo au kesho. Usipitishe kesho."

Jambo dogo hivyo. Siku moja ya wiki, ambayo mtu mzima mwenye akili timamu anayo kichwani. Fundi alitoka pale akiamini ndani ya saa moja atakuwa nayo.

Alianza kwa wifi. Binti mgonjwa alikuwa kizingitini, vipele vimeanza kukauka, anamvalisha mwanasesere soksi. Wifi akatoka na tabasamu la ushindi.

"Karibu, wifi! Umekuja kutujulia hali?"

"Wifi, samahani, sina muda. Babu aliletwa hapa siku gani?"

Tabasamu likaondoka. Wifi akaangalia ukuta kana kwamba jibu limeandikwa huko. "Hapa wanakuja watu wengi. Mimi sihesabu wageni."

"Sikulaumu. Nakuuliza siku tu, kuna sindano."

"Wifi, hayo hayaulizwi. Wewe unajua hayaulizwi. Leo nikikutajia, kesho mtoto akipata homa itakuwa ni nyumba yangu."

"Akipata homa na sindano hajapata, atakufa!"

"Sasa ndio unamtabiria mtoto kifo mlangoni kwangu? Kaa kwanza. Kaa unywe soda."

Akaletewa soda. Na Fundi, kwa kuwa alilelewa na watu, akakaa akanywa nusu yake, kila funda likimkera kuliko lililotangulia, huku wifi akimsimulia bei ya vitanda. Siku hakupewa.

Fundi alimkuta Mwenyekiti sebuleni akikunja nguo. Mumewe alikuwa amerudi kula. Fundi alisimama mlangoni, mtoto mgongoni, na hakukuwa na pini mdomoni wala kibanda cha kukimbilia.

"Mama, ulimpeleka Babu kwa wifi. Siku gani?"

"Nani kasema nilimpeleka?"

"Dawa iko kwenye ukosi wa fulana."

"Dawa inapeperuka. Tulipita, tukamjulia hali mgonjwa, tukaondoka. Kumjulia hali mgonjwa nako siku hizi ni kosa?"

"Mlipita siku gani?"

"Mimi si kalenda ya ukutani."

Mara hii Fundi hakujizuia. "Miaka yote nakusikiliza! Ukisema shuka zifuliwe hivi, nafua. Ukisema chumvi, naleta. Nimekuomba kitu kimoja, mama, kimoja tu, mwaka mzima nakirudia kama kasuku, na hukunisikia hata siku moja!"

"Usimpandishie mama sauti," mumewe akasema.

Akamgeukia. "Basi mpandishie wewe. Au umesahau spana?"

Fundi bomba akautazama wali wake. Halafu, kwa sauti ya mtu anayeomba ruhusa ya kutoka darasani, akasema, "Mama. Ulimpeleka?"

Mwenyekiti alikuwa ameshika kaptula ya Babu, ameikunja mara moja na hakuendelea. "Mimi nimezaa sita," akasema. "Nimelea sita. Sikuzika hata mmoja. Leo naitwa na kuhojiwa kama mwizi wa kuku, juu ya mume wangu mwenyewe. Kaka yangu nilimwosha kwa mikono hii. Ninyi hamkumwona. Nitamwacha mjukuu wangu akue na kitu hicho kikimsubiri njiani?"

"Sijaja kukuhukumu," Fundi akasema. Hasira ilikuwa imemwishia miguuni, akabaki na uchovu tu. "Kesho asubuhi narudi kliniki. Nikikosea siku, sindano haina kazi. Anayeijua siku ni wewe. Basi."

Akaenda uani. Hakuna aliyemfuata.

Kesho yake benchi la kliniki lilijaa mpaka ukutani. Fundi alikaa na mtoto mapajani akitunga uongo. Alifikiria kutaja siku yoyote, lakini siku yoyote ingeweza kuwa siyo, na yeye alikuwa mtu aliyefungua mshono mzima kwa upungufu wa upana wa kidole. Alikasirika kwamba hata kudanganya hakuweza. Majina yakaitwa. Lilipoitwa la Babu, akainuka, na nyuma ya foleni akaona watu wanasogea kumpisha mama mmoja mnene anayehema, kitambaa cha kichwa amekivaa ndani nje, viatu vimejaa vumbi. Mwenyekiti hakuwahi kutoka nje ya nyumba yake hivyo. Hata msibani alijitazama kwenye kioo kwanza.

Akampita mkwewe bila salamu, akaingia, akasimama mbele ya meza ya muuguzi.

"Ni mimi," akasema. "Jumatatu, mama yake alipotoka tu. Mpaka adhuhuri. Walilala kitanda kimoja."

Muuguzi akaandika. "Jumatatu peke yake?"

Mwenyekiti akatazama mikono yake. Ilikuwa inatetemeka, akaificha ndani ya khanga. "Na Jumanne. Jumatatu niliona kikombe hakikumfikia vizuri."

Mara mbili. Fundi alilisikia neno hilo, na kwa kitambo alitamani kumsukuma mama wa watu akaanguke na benchi lake. Hakuwa amewahi kumchukia mtu kiasi kile, na ilimtisha kwamba mtu mwenyewe ni huyu.

"Bado tuko ndani ya siku," muuguzi akasema, akashika simu.

Sindano ilifika mchana. Babu alipoiona alianza kupiga mateke, akawashinda wauguzi wawili, akamsukuma mama yake kifuani na kulia, "Namtaka bibi! Namtaka bibi!" Wakamtazama Fundi. Basi afanyeje? Alimnyanyua mtoto, akamweka mapajani mwa yule yule aliyempeleka, na Mwenyekiti akamfunika uso kwa khanga na kumwimbia kitu masikioni mpaka ikachomwa. Mtoto akanyamaza. Fundi alisimama pembeni ameshika kiatu kimoja cha mwanawe.

Vipele vilikuja hata hivyo, maana sindano ile haifungi mlango, inaubana tu. Vilikuwa vichache, lakini homa ilikuwa ya kweli, na miguu ikaanza kuvimba tena. Babu akalazwa, akatundikiwa dawa. Mwenyekiti alikataa kurudi nyumbani. Alikaa upande mmoja wa kitanda akipepea kwa kipande cha boksi, Fundi upande wa pili, na kati yao, ukiacha usiku mmoja Babu alipoacha kuitika, hawakusema ila "nipe maji" na "shika hapa". Usingizi uliwatoka wote wawili. Mwenye nyumba ya wageni akatafuta fundi mwingine wa mapazia, na fundi huyo, watu walileta habari, aliyakata mafupi.

Babu alipona. Tulieleze hilo waziwazi, asije mtu akabaki na wasiwasi. Miguu ilinywea, homa ikatoka, akaomba mkate, akamwuliza daktari kama ana mtoto wa kucheza naye. Fundi alilia chooni, akanawa uso, akarudi kukusanya vyombo.

Na hapo, baada ya hatari kupita, ndipo yalipomfika yaliyomshinda.

Wiki iliyofuata alikuwa dirishani kwake akishona, amehamishia cherehani nyumbani ili asimwache mtoto tena na mtu. Nje, kwenye kibaraza, Mwenyekiti alikuwa na wageni wake wakichambua mchele. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimerudi kukaa sawa. Sauti nayo ilikuwa imerudi.

"Si mmeona?" alikuwa akisema. "Walitutisha, ooh figo, ooh vidonge. Haya, mume wangu huyo anakimbiza paka. Ametoka vipele, amemaliza. Hakuna wa kumtisha tena mpaka anaoa."

"Mikono ya wazee hiyo," mmoja akasema.

"Sindano ilisaidia kidogo," Mwenyekiti akakubali, kwa ukarimu. "Lakini kumaliza, amemaliza. Nani atabisha?"

Fundi alikuwa ameshika kitambaa, mguu umesimama juu ya kanyagio. Lililomuunguza ni kwamba hakuweza kubisha. Ilikuwa kweli, mtoto amemaliza. Kosa lilikuwa limefanikiwa, na lilikuwa limeketi kibarazani likichambua mchele na kusifiwa. Angeweza kulivumilia hilo pia. Alishavumilia mengi. Lakini akasikia sauti ya jirani wa nyumba ya pembeni, mama wa mapacha.

"Basi umenitoa woga, Mwenyekiti. Mimi wangu mmoja, huyu anayelazwa kila mara kwa kifua, naye yuko kwenye vidonge, nilikuwa namficha. Kumbe hamna kitu. Kesho nawapeleka wote wawili, kuna nyumba kule chini wana mgonjwa."

Fundi akainuka. Akatoka mpaka kibarazani na uzi umemning'inia begani, akasimama mbele ya wanawake wote wale bila kusalimia, na wote wakaona kwamba hakusalimia.

"Mama," akasema, "mweleze ulivyokuja kliniki."

"Mkwe wangu, tuko kwenye mazungumzo."

"Mweleze mikono ilivyokuwa inatetemeka. Mweleze usiku ule wa dawa ya kutundika, ulichoniambia Babu alipoacha kukuitika. Huyu naye ana mtoto kama Babu, mama. Kesho anampeleka."

 Mtu mmoja akaendelea kuchambua mchele mahali pamoja. Mwenyekiti alimtazama mkwewe, kisha mama wa mapacha, kisha chini, kwenye ungo. 

"Nilimwambia mama yake anisamehe," Mwenyekiti akasema polepole. "Nilijua mtoto anaondoka. Nilikaribia kumuua mjukuu wangu." Akashika kichwa. "Usimpeleke, mwanangu. Yule mgonjwa wako usimpeleke. Nilikaribia kumuua kwa mikono yangu mimi."

Akaangua kilio. Si kilio cha adabu, kile cha khanga mdomoni. Alilia kwa sauti, mwili mzima, ungo ukapinduka na mchele ukamwagika kibarazani. Wanawake wakamrukia. Huyu akamshika bega, huyu akampepea, huyu akasema jamani usijilaumu, ulikuwa na nia njema, Mungu anajua, nani kama wewe, umelea mtaa mzima. Mama wa mapacha analia naye, anamwambia sitampeleka, mama, sitampeleka, basi nyamaza. Wifi, aliyekuwa anapita, akatupa kapu na kuja mbio kumkumbatia mama yake, akiuliza nani kamliza.

Fundi alisimama palepale. Alingoja. Hakujua anangoja nini. Labda mmoja wao ageuke na kumwuliza yeye, hata kwa macho tu, alizipitaje siku zile. Mwishowe mmoja aligeuka kweli, yule mkubwa kuliko wote, akamwona amesimama na uzi begani.

"Na wewe mke wa watu umesimama tu unatazama! Huoni mama yako alivyo? Hebu kamletee maji."

Akaenda. Akachagua glasi nzuri, akaiweka juu ya kisosi kama inavyopasa kwa mkwe, akaipeleka kibarazani kwa mikono miwili, na akapiga goti kumpa.